Darubini kubwa haitulii bila mafiga matatu

Ukizitembelea nyumba za mijini ambamo kuna kijana anayependa sayansi, si ajabu kukuta darubini kubwa ya macho mawili. Pengine ililetwa na mjomba aliyerudi kutoka ng'ambo. Pengine baba aliinunua kwa ajili ya safari ya mbugani, kisha watoto wakaanza kuielekeza angani. Lenzi zake za mbele ni pana kama mdomo wa kikombe cha chai. Iko ndani ya boksi lake, juu ya kabati, na hapo juu ya kabati ndipo imekaa tangu juma lile la kwanza.

Siku ilipofika, jamaa wote walitoka nje kwa shauku. Kila mmoja aliielekeza mwezini, na kila mmoja akaona mwezi unaochezacheza kama mwali wa kibatari penye upepo. Baada ya dakika moja mikono ya mama ilikuwa imechoka. Kitinda mimba hakuweza hata kuinyanyua. Ikasemwa kwamba darubini hiyo ni mbovu, ati aliyeiuza ni tapeli, nayo ikarudishwa bokseni.

Mara nyingi darubini kama hiyo haina ubovu wowote. Inachokosa ni stendi ya miguu mitatu, na stendi hiyo huwa haiuzwi pamoja nayo. Nami nitatoa msimamo wangu mapema, msomaji, usije ukangoja hadi mwisho: mwenye pesa za darubini kubwa pekee, asiyebakiwa na hata shilingi ya stendi, afadhali anunue darubini ndogo kidogo ili apate na cha kuisimamishia. Ataona nyota nyingi zaidi.

Pakiti ya unga mbele ya macho

Kila darubini ya macho mawili imeandikwa nambari mbili ubavuni, kwa mfano 10x50. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inakuza kile unachokitazama. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ile ya 10x50 ina uzito usiozidi kilo moja hivi, na mtu mzima aweza kuishika kwa muda. Ya 15x70 hukaribia kilo moja na nusu. Ya 20x80 hupita kilo mbili, na ya 25x100 hufika kilo nne na nusu.

Kama hujui kilo mbili mbele ya macho ni nini, chukua pakiti ya unga wa sima jikoni, iinue hadi usoni kwa mikono miwili huku umeangalia juu, kisha uhesabu polepole. Wengi hawafiki mia moja kabla ya viwiko kuanza kutetemeka.

Kwa nini basi mtu ajitwishe mzigo huo? Ni kwa sababu ya mwanga. Usiku, mboni ya jicho la kijana hupanuka hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 70 ina upana mara 10 ya mboni hiyo, na eneo lake ni mara 100. Nyota ambazo jicho tupu halizioni kabisa hujitokeza. Kilimia, kile kishada cha nyota sita au saba ambacho wakulima na mabaharia wa pwani wamekijua tangu zamani, huwa nyota nyingi zilizometa pamoja, nyingine za rangi ya samawati.

Lakini darubini inayokuza nyota mara 20 hukuza pia kutetemeka kwa mkono mara 20. Hata mtu mwenye mkono imara ana moyo unaodunda na kifua kinachopumua. Galileo, yule Mwitaliano aliyegundua miezi minne ya sayari ya Mushtara mnamo Januari 1610, aliliona tatizo hili mwanzo kabisa. Katika barua yake ya mwezi huo huo alishauri kwamba chombo kiegemezwe mahali imara, maana mapigo ya mishipa na pumzi yenyewe huutikisa mkono. Chombo chake kilikuza mara 20 hivi, sawa na darubini ya 20x80 ya leo.

Na wale waliopata sifa kwa darubini za macho mawili hawakuzining'iniza shingoni. George Alcock, mwalimu wa shule nchini Uingereza, aligundua nyota mkia mbili katika siku chache za Agosti 1959 kwa darubini ya 25x105. Yuji Hyakutake wa Japani aligundua ile nyota mkia iliyopewa jina lake mwishoni mwa Januari 1996, nayo ikaonekana kwa macho matupu miezi miwili baadaye. Darubini yake ilikuwa ya 25x150. Hiyo haishikiki mkononi hata na mnyanyua vyuma.

Nyota za utosini

Hapa ndipo sisi wa nchi za ikweta tunapopotoshwa na vitabu vya ng'ambo. Vitabu vingi vya unajimu wa kisasa vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao husema kwamba stendi ya kawaida ya mpiga picha yatosha. Kwao huenda yatosha kweli. Kwetu la, na sababu yake yaweza kuelezwa na mwanafunzi yeyote wa jiografia.

Chukua zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, mshipi wa kundi la Jabari ambalo Wazungu huliita Orion. Mtu wa London hawezi kuziona zikipanda zaidi ya digrii 38 kutoka upeo wa macho. Husimama wima nyuma ya stendi yake, akainamisha kichwa kidogo tu, akaziona. Sasa njoo huku kwetu. Nyota ya katikati kati ya hizo tatu, iitwayo Alnilam, hupita juu ya utosi wa mkaaji wa Nairobi, bila kukosea hata nusu digrii. Kwa mkaaji wa Kisumu inayopita utosini ni jirani yake, Mintaka. Na kwa mtu wa Mombasa, lile wingu la mwanga lililo chini ya mshipi huo, ambamo nyota mpya zinazaliwa, hupita digrii moja na kidogo tu kutoka utosini.

Tena hupita saa nzuri. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, wakati mvua za vuli zimekwisha na anga imetakata, Jabari yuko utosini karibu saa tatu usiku, watoto wakiwa bado hawajalala.

Si nyota hizo pekee. Mwezi, Mushtara na Zohali vinapofika kilele cha safari yao ya usiku, kwa mtu wa Nairobi haviendi mbali na utosi zaidi ya digrii 30 hivi. Kwa ufupi, vitu vizuri vyote ambavyo mtoto atataka kuonyeshwa viko pale pale ambapo stendi ya kawaida hushindwa. Ukiinua darubini iangalie juu kabisa, sehemu ya kuwekea macho hushuka chini, katikati ya miguu mitatu. Utalazimika kupiga magoti, ukunje shingo, kichwa kipenye kati ya miguu ya stendi, na pua igonge mpini. Nimewaona watu wazima wakijaribu hivyo, wakasimama baada ya nusu dakika wakijishika kiuno.

Msalaba wa Kusini ndio wenye huruma. Huo hausimami juu ya digrii 30 na kidogo kutoka upeo wa macho kwa mtu wa Nairobi, na jioni za Mei na Juni, mawingu yakikubali, stendi yoyote iliyo imara itakuonyesha bila kukuvunja shingo.

Ukiamua kununua

Mafiga ya jikoni ni matatu kwa sababu njema. Meza ya miguu minne hutikisika sakafu isipokuwa sawa, lakini vitu vitatu hutulia popote, hata penye mawe. Hivyo usidanganywe na ajuza wala kijana wa duka anayekuambia stendi yake ina kitu cha ziada. Tazama mambo machache.

Kwanza uzito. Stendi nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezewa simu na kamera ndogo. Miguu yake ni membamba kama fimbo ya mwavuli, tena kila mguu umegawanywa vipande vinne au vitano vinavyovutika. Kila kiungo ni mahali pa kutikisika. Afadhali mguu wa vipande viwili, mnene, hata kama stendi ni nzito kubeba. Uzito ulioandikwa kwamba stendi yaweza kubeba, ugawe kwa mbili. Darubini ya kilo mbili na nusu itake stendi iliyoandikwa kilo tano au zaidi.

Pili ni bomba la katikati, lile linalopandishwa kwa kuzungusha mpini mdogo. Ukilipandisha lote, hutakuwa tena na stendi ya miguu mitatu. Utakuwa na mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu. Kama stendi hufika machoni pako kwa kupandisha bomba hilo tu, ni fupi mno kwako.

Tatu ni kichwa. Vile vichwa vya gololi wanavyovipenda wapiga picha havifai. Ukilegeza kidogo ili usogeze, darubini nzito huanguka mbele kwa kishindo, na kishindo kimoja chaweza kupindua prizimu za ndani hadi ukaona miezi miwili badala ya mmoja. Chagua kichwa chenye mpini mrefu, kinachoinuka na kushuka polepole kama kilicholowekwa katika asali. Vichwa vya kamera za video huwa hivyo.

Dukani, usione haya kujaribu. Itandaze stendi, ubonyeze kichwa chake kwa kiganja, kisha ujaribu kukisokota kama unayefungua mtungi. Kikijisokota, rudisha. Ukiwa na darubini yako, ifunge hapo, elekeza kwenye kibao cha mbali barabarani, ugonge mguu mmoja kwa kidole. Hesabu. Picha ikitulia kabla hujamaliza kutamka "mbili", stendi hiyo ni nzuri. Ikiendelea kutetemeka hadi "tano", muuzaji na abaki nayo.

Kuna stendi nyingine ambayo watu hawaifikirii: ile ya wapima ardhi, ya mbao au ya alumini nene, yenye ncha za chuma miguuni. Imetengenezwa ili isitikisike shambani siku nzima. Zikiuzwa kuukuu huwa na mikwaruzo tu. Kasoro yake ni kwamba bolti yake ya juu ni nene, ya sehemu tano za nane za inchi, hivyo fundi atahitaji kukutengenezea kipande cha kuunganishia.

Zipo pia darubini ambazo mahali pa kuwekea macho pamepindwa, ili utazame mbele wakati nyota iko juu. Hizo humaliza tatizo la utosi mara moja, ila bei yake ni ya mwenye nacho. Wengine huweka kioo mezani wakainamisha darubini iangalie chini, wakaziona nyota ndani ya kioo. Ni ujanja mzuri, lakini kioo cha kawaida cha kujitazamia hutoa nyota mbili mbili, na kushoto hugeuka kulia, hadi mtoto akachanganyikiwa.

Kazi ya fundi wa mbao

Dawa yenyewe ya nyota za utosini ni kuitoa darubini nje ya miguu ya stendi. Iwekwe mwishoni mwa mkono mrefu wa mbao unaoelea hewani, na upande wa pili wa mkono huo uning'inizwe uzito wa kusawazisha, kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao. Mwenye kutazama hulala chini ya darubini, juu ya kiti cha kujinyoosha au godoro, nayo miguu ya stendi iko mbali na kichwa chake.

Mkono huu una siri moja. Haujatengenezwa kwa ubao mmoja. Una mikono miwili, wa juu na wa chini, iliyo sambamba, na imefungwa kwa bolti kwenye nguzo upande huu na kwenye kipande kifupi cha wima upande ule. Huo ni msambamba wa hesabu za shuleni, wenye pembe zinazoweza kubadilika. Ukiuinua au kuushusha, kile kipande cha mbele kinabaki wima vile vile. Na kwa kuwa kipande hicho hakigeuki, darubini iliyofungwa hapo nayo haigeuki: ikiwa imeelekea Mushtara, itabaki imeelekea Mushtara hata ukiishusha nusu mita.

Fikiria maana yake kwa jamii. Baba wa futi sita huitafuta sayari, akaipata. Akiondoka, anaivuta darubini chini hadi usoni mwa mtoto wa darasa la pili, na mtoto anaiona sayari ile ile na miezi yake minne imejipanga kando, bila mtu yeyote kuitafuta upya. Kwa stendi ya kawaida ungelazimika kufupisha miguu yote mitatu, na ukimaliza sayari imepotea. Mwenye kujua watoto ajua kwamba akikosa kuona mara mbili, ya tatu hatakuja.

Muda nao hauna subira. Dunia inavyozunguka, anga husogea digrii 15 kwa saa. Darubini ya 20x80 huonyesha kipande cha anga cha digrii tatu na kidogo, hivyo kitu kilicho katikati hutoka pembeni baada ya dakika sita hivi. Watu watatu wanaweza kupokezana, dakika mbili mbili, kabla ya kusogeza mkono.

Vipimo, basi. Mbao za inchi mbili kwa moja zatosha. Kwa mkono wa juu kata vipande viwili vya sentimita 140, na kwa mkono wa chini viwili vya sentimita 95. Kila mkono una vipande viwili ili nguzo ikae katikati yao, kama nyama kati ya vipande vya mkate. Kutoka tundu la mbele hadi tundu la nguzo iwe sentimita 90 kamili, juu na chini. Mkono wa juu utabaki na mkia wa sentimita 45 na kidogo nyuma ya nguzo. Kwenye nguzo, tundu la juu na la chini yaachane sentimita 15, na kwenye kile kipande cha mbele iwe hiyo hiyo 15.

Hapa ndipo kazi huharibika au kufaulu. Usimwachie fundi apime kila ubao peke yake. Vipande vyote vinne vibanwe pamoja na keekee ipite mara moja, ili matundu yawe sawa kabisa. Hivyo hivyo kwa nguzo na kipande cha mbele. Tofauti ya milimita mbili itaufanya mkono ukwame au ucheze. Bolti ziwe za milimita 10 na tundu liwe la milimita 10, bila nafasi. Kati ya mbao na mbao weka washa za plastiki, ambazo waweza kuzikata kwenye jerikeni iliyopasuka, na ufunge kwa nati zenye nailoni ndani, zile zisizolegea zenyewe. Kwa watu wa Nairobi, vitu hivi vya chuma hupatikana Kirinyaga Road, na usishangae fundi akikuuliza kama unatengeneza winchi ya kisima.

Mbao zenyewe ziwe kavu. Saiprasi iliyokauka ni nyepesi na hufanya kazi hii vizuri. Mkaratusi hujisokota ukikauka, na mkono uliojisokota hauna tiba. Kama nyumbani kwa nyanya kuna kitanda cha mvule kilichovunjika, omba zile mbao za ubavuni kwa adabu, maana mbao kama hizo utazitafuta sana siku hizi. Mbao ina sifa moja ambayo bomba jembamba la alumini halina: ikigongwa, hunyamaza upesi.

Jerikeni ya mchanga

Sasa hesabu ya mizani. Darubini pamoja na kishikio chake ni kilo 2.5, nayo iko sentimita 90 kutoka kwenye nguzo. Zidisha: 225. Mkia una sentimita 45, kwa hiyo uzito wa kusawazisha ni 225 ukigawanya kwa 45, yaani kilo 5. Ongeza kilo mbili au tatu kwa sababu mbao za mbele nazo zina uzito wake. Jerikeni ya lita 5 ikijazwa mchanga mkavu hukaribia kilo 8. Ifunge kwenye mkia, ibane isibembee, kisha umwage mchanga kidogo kidogo hadi mkono ubaki popote unapouachia. Hakuna vyuma vya mazoezi vinavyokupa nafasi hiyo ya kupunguza kijiko kimoja kimoja.

Kwa kuwa darubini, jerikeni na mkono vyote pamoja hukaribia kilo 15, stendi ya chini nayo iwe ya kazi. Ile ya wapima ardhi ni sawa. Fundi aweza pia kuitengeneza: pembetatu ya plaiwudi ya milimita 18, mbili zikiwa zimegandishwa pamoja kwa gundi, na miguu mitatu ya futi nne, kila mmoja ukiwa na mbao mbili zilizotenganishwa kwa vipande vya katikati. Juu, mbao hizo mbili zitanuke kiasi, maana upana huo ndio huzuia kujisokota. Chini, zifungwe kamba au mnyororo kati ya mguu na mguu ili stendi isiteleze ikatandaa yote. Kwa sakafu ya saruji, gongomelea vipande vya mpira wa akala kwenye nyayo. Nguzo ya mkono husimamishwa juu ya pembetatu kwa bolti moja nene ya wima, na hiyo ndiyo itakayozunguka kushoto na kulia.

Kishikio cha darubini ni kazi ya fundi wa kuchomelea vyuma. Mbele ya bawaba ya darubini, mahali inapokunjikia, kuna kifuniko kidogo cha kufungulia kwa vidole. Ndani yake mna tundu lenye nyuzi. Bapa la chuma la milimita nne au tano, lililopindwa kama herufi L, hufungwa hapo kwa bolti ya robo inchi yenye nyuzi 20 kwa kila inchi, na upande wa pili hufungwa kwenye kipande cha mbele cha mkono kwa bolti yenye nati ya masikio, ili darubini iinuke na kuinama. Jihadhari na jambo moja. Bolti ya milimita 6 hufanana sana na ya robo inchi, na ukiilazimisha itaingia mizunguko miwili mitatu. Itakuwa inakata nyuzi za darubini yako, na nyuzi hizo hazirudi. Darubini za 20x80 na kubwa zaidi mara nyingi huja na nguzo yake fupi tayari, hivyo huhitaji bapa la L.

Kabla ya kuondoa darubini au jerikeni, funga mkono kwenye mguu wa stendi kwa mkanda. Ukiifungua darubini mkono ukiwa huru, jerikeni itashuka kwa nguvu na mbao ya mbele itaruka juu hadi kwenye kidevu cha aliye karibu. Watoto wasipite chini ya jerikeni hata kwa mchezo. Na mchana, vitu hivi vyote viwe ndani ya nyumba. Darubini iliyoelekezwa kwenye jua huunguza jicho kabla mtu hajapata nafasi ya kufumba, tena mtoto anaweza kuizungusha wakati wewe umeenda kunywa maji.

Asiye na pesa za fundi mwezi huu asikae bure. Mpini wa ufagio ulioshikiliwa pamoja na darubini, mwisho wake ukiwa sakafuni, hupunguza kutetemeka kwa darubini ya 10x50 au 15x70 kuliko unavyotarajia. Kulala chali juu ya mkeka na kuegemeza viwiko kwenye mito miwili husaidia pia, hasa kwa nyota za utosini. Ila usitarajie pete za Zohali kwa njia hizo. Hata kwenye stendi bora, darubini ya kukuza mara 20 huionyesha Zohali kama punje ya mchele.

Nairobi yenyewe ina mwanga mwingi, na wengi watataka kupeleka chombo chao Kajiado, Magadi au kijijini. Fungua bolti za miguu, funga mbao zote pamoja ndani ya gunia, na ukubaliane na kondakta kabla ya kupanda, kwa maana atasema gunia la futi nne ni abiria. Mchanga usiubebe. Mwage kabla ya kuondoka nyumbani. Jerikeni tupu ni nyepesi, na mchanga utaupata huko huko uendako.